Sikukuu Ina Tarehe Yake: Maongezi juu ya Sherehe na Matumizi ya Nyumbani

Haya ni maongezi yaliyotolewa kambini mbele ya akina mama na akina baba waliotoka mwambao wa ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Msemaji ni mama aliyekulia Rumonge, mfanyabiashara wa ndagala na mawese. Tunayachapa kama alivyoyasema, ili na wewe ambaye hukufika uyasome.



Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya sikukuu na matumizi ya nyumbani, mzee mmoja alinishika mkono pale bombani akaniambia, "Mwanangu, tafadhali usije kutukataza kula Bonane." Mzee wangu, nakuona umekaa pale nyuma. Sikuja kukataza. Mtu aliye mbali na kwao anaihitaji sikukuu kuliko mtu aliye kwao. Siku hiyo watoto wanaoga na kuvaa, jirani anakuita kwa jina lako, na kwa saa chache unasahau foleni. Nimekuja na jambo moja tu. Sikukuu ina tarehe yake, na tarehe hiyo tunaijua mwaka mzima kabla haijafika. Fedha nayo ina tarehe yake, lakini si ile ile. Taabu yetu inaanzia hapo.

Niwaambie yaliyonikuta mimi mwenyewe. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu alikuwa akitoka usiku na mitumbwi ya taa, na mimi nikinunua ndagala alfajiri, naanika, nauza sokoni. Hatukuwa watu wa kulala njaa. Mwaka ule Krismasi ilikaribia na mwezi umejaa. Ninyi wa ziwani mnajua maana yake: mwezi ukiwaka, taa hazivuti samaki, mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanashona nyavu. Mume wangu hana kitu, mimi sina kitu, na wageni tumekwisha kuwaalika.

Tukaenda dukani. Mwenye duka hakutukatalia. Alitupa mchele, sukari, vitenge viwili na kreti tatu za Primus, akaandika katika daftari lake. Rehani ilikuwa mawese yetu ya mavuno yaliyofuata, kwa bei aliyoitaja yeye siku ile ile. Tulikula vizuri, sitawaficha. Watu waliimba mpaka usiku wa manane. Asubuhi deni likaamka kabla yetu.

Mwezi wa pili mvua ya kupandia maharage ilinyesha, nami sina mbegu. Mbegu yangu niliipika Desemba, kidogo kidogo, kila siku nikisema kesho nitarudishia. Mawese yalikuwa yamepanda bei, lakini yangu yalikuwa ya mwenye duka kwa bei ya Krismasi. Tukauza mbuzi, tena kwa haraka, na mbuzi anayeuzwa kwa haraka huwa hana bei. Deni lilikwisha mwezi wa saba. Sherehe ya siku moja ililipwa kwa miezi saba.

Sasa uangalie vizuri, maana hapa ndipo penye somo, na si katika pombe peke yake kama wengi wanavyodhani. Katika nchi yetu msimu wa kwanza hupandwa mwezi wa tisa na wa kumi, na huvunwa Januari na Februari. Hivyo Krismasi na Bonane huja wakati ghala liko tupu na mavuno yangali shambani. Ni miezi ya upungufu. Halafu mara baada ya mavuno hayo, Februari na Machi, unatakiwa kuwa na mbegu ya msimu wa pili. Mtu akila mbegu Desemba, au akiuza mavuno yakiwa bado mabichi, ameharibu misimu miwili kwa chakula cha siku mbili. Sikukuu yetu kubwa kuliko zote imekaa mahali pabaya katika mwaka wa mkulima. Hatuwezi kuihamisha. Tunachoweza ni kuhamisha siku ya kuilipia.

Na ninyi ndugu zangu Waislamu, ambao Rumonge ni wengi na ndio mlionifundisha Kiswahili hiki, sikukuu zenu nazo zina hesabu yake, na mvuvi akiijua atafaidika. Idd el-Fitr huja mwezi unapoandama. Maana yake mitumbwi imetoka katika usiku wa giza, samaki wamepatikana, mfukoni kuna kitu. Idd el-Hajj ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu. Mwezi umekwisha kukua, usiku umeanza kung'aa, na siku chache zinazofuata ni za mbalamwezi. Kwa hiyo Idd ndogo inakukuta na fedha, na Idd kubwa, ile yenye kuchinja, inakukuta fedha zinakatika na hakuna nyingine zinazokuja upesi. Kila mwaka ni hivyo, maana zote mbili zinafuata mwezi, na mwezi ndio huo huo unaofukuza samaki. Nimeona watu wakishangaa kila mwaka kwa jambo lisilobadilika.

Tena kuna kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Idd el-Hajj ya mwaka ule iliangukia katikati ya Juni, ndani ya kufungwa. Na miezi hiyo ya kiangazi ndiyo miezi yetu ya harusi, na ya kuganduka kwa waliofiwa. Mvuvi aliyengoja mpaka kadi ya mwaliko ifike ndipo atafute mchango, alitafuta katika maji yaliyofungwa.

Krismasi yenyewe haifuati mwezi, kwa hiyo kila mwaka uangalie. Chukua mwaka 2026: mwezi ni mpevu tarehe 24 Desemba, mkesha wenyewe. Mwaka 2027 Krismasi iko katika giza. Hiyo ni miaka miwili tofauti kabisa kwa nyumba ya mvuvi, na kalenda ya ukutani inakuonyesha kabla hujaalika mtu.

Sasa tuhesabu. Wengi tunasema, "Nitaweka kidogo kila mwezi." Ni maneno ya mtu wa mshahara. Wewe huna mshahara. Usihesabu kwa kalenda ya ofisini, hesabu kwa giza. Tuseme sikukuu yako, ukiipanga kwa kiasi, itahitaji faranga 120,000. Huo ni mfano tu, bei zinapanda kila siku na wewe utaweka namba yako. Mwaka una magiza 12 au 13. Toa mawili au matatu kwa ajili ya ugonjwa na hali mbaya ya ziwa, yabaki 10. Ni faranga 12,000 kwa kila giza. Ukifanya kazi siku 15 katika giza moja, ni faranga 800 kwa siku. Mtu anayeuza ndagala anaweza kuzitoa 800 asubuhi kabla hajanunua maandazi. Hawezi kuzitoa 120,000 tarehe 23 Desemba. Mama mwenye michikichi na asiye na mtumbwi, hesabu yake ni ya bidoni: kila unapokamua, lita mbili tatu si zako, ni za Desemba. Uziweke kando kabla bidoni haijatoka mlangoni, maana ikishatoka haina tena cha Desemba.

Utauliza, niziweke wapi? Swali hili ni gumu kuliko la kwanza, na nitakaa hapo kidogo.

Pindoni mwa kitenge ni pazuri kwa siku moja. Chini ya godoro ni pazuri mpaka mtoto augue au mume ajue. Na hata kama hakuna anayejua, noti yenyewe inaweza kukugeuka. Mwezi Mei 2023 bei rasmi ya dola kwa faranga yetu ilipandishwa kwa zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Mwezi uliofuata, Juni 2023, Benki Kuu ya Burundi ilitangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na watu walipewa siku 10 tu kuzipeleka benki. Fikiria bibi wa mlimani aliyefunga noti zake ndani ya chungu akazifukia. Fikiria na wewe uliyekuwa ng'ambo ya mpaka na faranga zako chache ulizotoka nazo. Siku 10! Tangu hapo simwambii mtu yeyote aweke fedha za mwaka mzima katika noti kubwa nyumbani mwake.

Basi weka katika vitu, lakini si kila kitu. Sukari inavutia majirani na sisimizi. Mbuzi jike anazaa, lakini anahitaji mchungaji na anakula bustani ya watu. Kuku ni sawa mpaka ugonjwa upite, ukipita hauachi hata mmoja. Kitu ninachokiamini kuliko vyote kwa watu wa ziwani ni ndagala mkavu. Nunua katika giza, wakati wamejaa ufukweni na bei iko chini, anika vizuri, weka mahali pakavu, na katika mbalamwezi utakula au utauza wakati wenzako hawana. Kuanika vizuri nasema si mchangani. Kule Mvugo, Nyanza-Lac, watu wa FAO waliwafundisha wauzaji kuanika juu ya vichanja vya waya. Samaki anakauka upesi, hana mchanga, haokotwi na kuku wala kukanyagwa, na mvua ikija unamfunika. Samaki aliyekauka hivyo anangoja sikukuu. Yule wa mchangani anaoza kabla ya Jumapili, na hasara yake ni ya kwako.

Halafu kuna ikirimba, ambayo wenzetu Wakongo huiita likelemba na Watanzania upatu. Ninyi nyote mnaijua. Akina mama 12, kila mmoja anatoa 2,000 kwa juma, na kila juma mmoja anabeba 24,000. Ni nzuri kwa sababu ina macho 12, na mtu anaona haya kutoleta. Ubaya wake ni mmoja: zamu. Anayebeba mwezi wa tano, Desemba hana kitu zaidi ya kutoa. Mpange zamu kwa haja, si kwa kura. Mwenye watoto wa shule abebe kabla ya Septemba, Muislamu abebe kabla ya Idd kubwa, anayepanda shamba kubwa abebe Januari. Tulifanya hivyo Rumonge na hatukugombana, isipokuwa mara moja, na hiyo ilikuwa juu ya mambo mengine ambayo sitayasema hapa.

Na kuna sanduku. Hili mmeliona hapa kambini: sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayelilaza nyumbani mwake hana ufunguo hata mmoja. Utaratibu huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini, na sasa umeenea Afrika nzima. Watu wananunua hisa kila juma, wanakopeshana kwa riba ndogo inayobaki humo humo, na mwisho wa mwaka wanagawana. Ni kitu kizuri. Lakini nina ugomvi nacho kidogo. Vikundi vingi huweka siku ya kugawana katikati ya Desemba. Kwa nini? Kwa sababu ya sikukuu. Basi akiba ya mwaka mzima inatoka sandukuni asubuhi, jioni iko baa na dukani, na Januari kikundi kinaanza tena kutoka sifuri. Nawashauri mgawane mwishoni mwa Januari, wakati wa kununua mbegu. Kwa ajili ya sikukuu wekeni mfuko mwingine mdogo, wa rangi nyingine, ndani ya sanduku lile lile, na huo ndio ufunguliwe Desemba. Wanaume watanung'unika. Waacheni wanung'unike, watakula maharage mwezi wa sita.

Kuhusu nyama. Ni aibu ya bure kila nyumba kutafuta mbuzi wake. Nyumba 20 zikichangia dume moja tangu Julai, kila nyumba inapata nyama ya siku mbili, na bei ya dume Julai si bei ya Desemba. Ndugu Waislamu, sheria yenu yenyewe inaruhusu watu saba kushirikiana ng'ombe mmoja wa kuchinja, na asiye na uwezo hakulazimishwa. Anayekopa ili achinje amejibebesha mzigo ambao hakupewa. Na vinywaji: kreti ni kitu kinachomaliza fedha kuliko nyama, nimepiga hesabu mara nyingi. Wazee wetu walikuwa wanakaa kwenye chungu kimoja cha impeke, kila mtu na mrija wake, na mazungumzo yalikuwa marefu kuliko ya chupa. Mtama wa chungu kimoja unaujua bei.

Nguo za watoto nimeziacha mwisho kwa sababu sina dawa. Mtoto anataka nguo mpya Bonane, na mama anataka kumwona nayo. Nunua moja badala ya mbili, nunua kubwa kidogo, na ununue sare ya shule kabla. Zaidi ya hapo sina la kusema, nami nimekosea hapo kila mwaka.

Sasa niseme juu ya kambi. Kuna jambo linalofanyika hapa na kila mtu analijua: kuweka rehani kadi ya mgao kwa mfanyabiashara ili upate vitu vya sikukuu. Anakaa na kadi yako, siku ya mgao anaongozana nawe, na unga unapita mbele ya macho yako. Mgao ukipunguzwa, na umepunguzwa mara nyingi, deni halipungui. Tafadhali, kadi hiyo si ya baba peke yake. Ni ya kila jina lililoandikwa ndani, mpaka lile la mtoto anayenyonya. Ukitaka kufanya rehani, weka rehani redio yako.

Na wewe uliyejiandikisha kurudi, sikiliza. Utapewa fedha za kuanzia na chakula cha miezi michache. Utashuka Rumonge au Nyanza-Lac, na ndugu watakuja. Wengine hujawaona miaka mingi, wengine hukuwajua. Watataka kukukaribisha, nao watatarajia wewe ununue. Nimeona fedha za kuanzia zikiisha katika siku nne. Tena huenda ukakuta maji yamekula mahali palipokuwa na nyumba, kwa maana miaka hii ziwa limepanda, na Rumonge ni kati ya sehemu zilizofurika. Na wengi wetu, tangu mambo ya 1972, tuna mashamba ambayo wengine wameyalima miaka mingi. Yule jirani utakayegombana naye juu ya mpaka ndiye utakayehitaji akuazime jembe.

Kwa hiyo, ulapo fungu lile, fanya hivi: kabla hujalala usiku wa kwanza, gawa. Mbegu na jembe upande mmoja, mabati au turubai upande mwingine, vya watoto upande wa tatu. Kinachobaki, hata kikiwa kidogo sana, ndicho cha kualika. Na umwalike kwanza yule jirani mwenye shamba, sio binamu wa mbali. Chungu kimoja, ugali, ndagala. Sikukuu ya namna hiyo si hasara.

Baada ya maongezi haya watu waliniuliza maswali, nami nitajibu moja hapa kwa sababu liliulizwa na mama kwa sauti ndogo. Alisema, "Mume wangu akijua nina akiba, anaichukua." Mama, nilikuwa na mume mwema, hata hivyo naye aliichukua mara mbili. Kilichonisaidia ni kwamba fedha zikawa mikononi mwa wanawake wengine 11, na yeye hakuwa na ujasiri wa kwenda kuwadai. Mwanaume anayemtisha mke wake nyumbani, huwa mpole sana mbele ya akina mama 11 waliokaa kwenye mkeka. Akikupiga kwa sababu ya fedha, hilo si jambo la akiba tena. Nenda kwa wahudumu wa ulinzi, usingoje kikao chetu.

Tunaanza ikirimba mbili Jumamosi hii, moja ya saa tatu asubuhi na nyingine ya jioni kwa wale wanaokwenda kuni asubuhi. Daftari tunalo. Kalamu mje nayo, na mje mmekwisha kufikiri zamu yako unaitaka mwezi gani, na kwa sababu gani.